Mdomo Ambao Shaba Haikuufikia

Nta ilitoka kwa warina asali wa barabara ya Kasenga,
kilo mbili ndani ya ndoo ya rangi,
bado ina mabawa, bado ina hasira.
Niliichemsha, nikaichuja kwa kitenge kikuukuu,
nikaikanda juu ya paja hapa Katuba, nyuma ya jiko la mama.
Nta ikikubali, nusu ya kazi imekwisha.
Nusu nyingine ni kuipoteza.

Nilimfinyanga baba.
Si yule wa picha ya harusi, mwenye tai ya kuazima.
Baba wa zamu ya usiku:
kofia ngumu, kopo la bukari, mabega
yaliyoinama kana kwamba yanasikiliza kitu chini ya ardhi.
Vifungo vya ovaroli nilivipiga kwa ncha ya msumari.
Mdomo niliuchora mara nne,
maana sikumbuki ulivyokaa ukiwa wazi.

Kisha udongo wa kichuguu,
ule ambao mchwa wamekwisha kuutafuna kwa niaba yetu,
tabaka la kwanza jembamba kama utando wa maziwa,
la pili na makapi, la tatu na samadi,
mlizamu juu, vijia vya pumzi pembeni.
Nikamzika baba mara ya pili.
Safari hii nilimpa siku sita za kivuli.

Jumamosi Monga alileta mivukuto
na gunia: mabomba ya bafu, makufuli,
kitasa cha ofisi iliyofungwa
mwaka ule wazee walipoambiwa asanteni, nendeni.
Moto ukaanza na nta. Ikatoka tone kwa tone,
na nyuki watatu wakaja kuulizia mali yao.

Wakati huo, ndani ya kalibu, baba hakuwa kitu:
hewa tu, iliyotunza mikunjo yake.
Sijui hali hiyo inaitwaje.
Nadhani ndiyo tuliyoishi nayo miaka kumi na mmoja.

"Mimina," nikasema.

Tulipopasua udongo, kila kitu kilikuwapo,
kopo, vifungo, hata alama ya gumba langu begani.
Ila mdomo. Hewa ilijibana pale, shaba haikufika.
Chini ya pua, tundu.

Monga akasema tuzibe kwa risasi, tupige tupa, nani ataona.
Bwana Kibawa wa mtaa wa Golf, aliyelipa nusu,
ambaye ukuta wa sebule yake unangoja kitu cha asili yetu,
aliona. Akauliza bei itashuka mpaka wapi.
Nikamrudishia pesa zake.
Deni la makala likabaki langu.

Mama aliacha sombe kwenye kinu, akaja,
akatia kidole kidogo ndani ya tundu.
Miaka ishirini mtu yule alirudi alfajiri, akanawa, akala,
na alipoulizwa kule chini kukoje
alisema, "Kuna giza. Leta chumvi."

"Ndiye," mama akasema, akarudi kwenye kinu.

Sasa ananing'inia ukutani, juu ya ndoo ya maji ya kunywa.
Kila Jumamosi mama humsugua kwa limau na majivu,
kofia, mabega, kopo.
Mdomo huupita.
Juzi nyigu ameanza kujenga mle,
anakuja na udongo wake, kidonge kwa kidonge.
Hatujamfukuza.