Mwanaapolo

Fundi Melkiory alisema, Nunua mpya.
Mpya ni bei ya ng'ombe wa maziwa mwenye mimba.
Nikamwambia, Fundi, mimi nahariri harusi na kipaimara,
ng'ombe ninao wa kwenye picha tu.

Basi tukaifungua pale Kiusa, mezani pangu, juu ya khanga,
kompyuta niliyouziwa na Mshiu
mwaka aliofunga intaneti kafe akahamia kwenye vifaranga.
Ndani, vumbi la Moshi, lile la Septemba,
maganda mawili ya mayai ya mjusi
na kipande cha tiketi ya basi la Same.
Sijui kiliingiaje.

Kadi ya picha ilitoka Arusha imefungwa kwenye soksi.
Laki na themanini. Mwenyewe hakuficha:
ilichimba sarafu za hewani miaka miwili,
usiku na mchana, bila Jumapili.
Melkiory akainusa. Hii imechoka.
Nikasema, hii ni mwanaapolo.
Wajomba zangu walipanda kutoka mashimo ya Mererani
na vifua vinavyopiga mluzi,
na bado ukiwapa jembe wanalima.

Haikuingia.
Kikapu cha diski kiliziba njia, kama vidole vitatu.
Tukakata bati kwa msumeno wa mabomba,
unga wa chuma ukidondoka,
khanga chini yake ikisema MGENI NJOO,
maneno yaliyobaki yamefunikwa na skrubu.

Pawasaplai nayo ndogo, wati mia tatu za kusuasua,
haina hata mkia wa pini sita.
Melkiory akaenda Mbuyuni, kwenye vyuma vya mtumba,
akarudi na nyingine inayonguruma kama mashine ya kusaga.

Tukawasha. Feni zikazunguka. Kioo, giza.
Tukazima, tukachomoa,
tukasugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli,
tukawasha.
Giza.
Namsifu wa chumba cha pili, aliyekuja kudai hela ya mchezo,
akauliza kutoka mlangoni:
Huo waya wa kioo, mbona mmeuchomeka pale pa zamani?
Hatukumjibu. Tuliuhamisha.
Nikamlipa na ya mwezi ujao.

Faili niliyoifungua kwanza haikuwa ya mteja.
Kipaimara cha Ndeshi, kule Old Moshi, miaka minne nyuma,
nilichukua kwa kamera ya kuazima,
picha nzito kuliko mashine.
Miaka yote minne ilicheza kwa kuruka:
tarumbeta zinaendelea, baba ameganda,
kibuyu cha mbege kiko hewani,
halafu ghafla amekaa kitini, mikono mitupu,
kana kwamba mtu amechana ukurasa.
Nilimzika nikimjua hivyo, na kabla ya hapo pia.

Sasa ikatiririka.
Kibuyu kinashuka. Anampa shemeji bila kumtazama.
Anageukia lenzi, yaani mimi,
na kwa mkono uleule wa kunionyesha kosa
kwenye daftari, kwenye jembe, kwenye mchumba,
anafanya hivi, mara mbili, kuelekea mgombani:
sogea. Toka juani.

Sikumbuki kama nilisogea.
Shingo iliniwaka wiki nzima, hilo nakumbuka.

Nikarudisha nyuma sekunde sita.
Nikarudisha tena.

Joto la kadi? akauliza Melkiory, anakusanya bisibisi zake.
Themanini na moja.
Akasema kwa uzee wake si mbaya, ila mfuniko uache wazi.
Ilikuwa saa tisa, jua la dirishani linaipiga ubavuni.
Nikainyanyua na nyaya zake zote,
nikaisogeza upande wa pili wa meza.