Beringi ya Tatu

Fundi Makhanu huweka bisibisi sikioni,
ncha yake juu ya chuma cha kinu cha pili,
hufumba macho kama mtu anayeonja chumvi.
"Nzima," husema. Miaka ishirini na saba
akisema nzima, ni nzima.

Mimi nilikuja na vihisi sita na kompyuta.
Nikavinatisha kwa sumaku kwenye grisi yake,
vikahesabu mtetemo usiku kucha
hadi kioo kikachora kilima kidogo, chekundu:
beringi ya tatu. Siku kumi na moja.

Alicheka. Matrekta ya miwa yalipanga foleni hadi lami ya Webuye,
nani azime kinu kwa ajili ya kilima?

Siku ya tisa tukafungua.
Kwenye njia ya gololi, ufa
mwembamba kuliko unywele wa kitoto.
Hakusema neno. Aliupapasa kwa ukucha,
kisha akaomba aone tena ule mchoro.

Siku hizi huniletea chai, huuliza, "Imelalaje?"
Hugeuka, hukohoa kwenye kiwiko,
vumbi la makapi, miaka ishirini na saba.

Jana, zamu imetoka, akachomoa kihisi cha sita,
akafungua vifungo viwili vya ovaroli,
akakishikilia kifuani.
"Na hapa je?"

Kioo kikachora kitu. Vilima, vilima.
Hicho sikukifundisha kompyuta kusoma.
Nikakitazama kupita ilivyofaa,
nikamwambia kliniki ya kifua, Bungoma, hufungua saa mbili,
nami nitakuja na pikipiki.