Daftari la Kegode

Ni la kurasa tisini na sita, jalada la buluu,
pembe zimetafunwa na panya wa dukani.
Ukurasa wa kwanza nimeandika: KEGODE, CHUO.
Chini yake, kwa kalamu ileile ya kuandikia wadeni wa misumari:

ng'ombe wa baba, yule mwekundu wa pembe moja, elfu thelathini na nane;
mikaratusi kumi na saba ya mpakani, iliyokatwa kabla ya kunenepa;
kikokotoo; buti za chuma; tarakilishi ya mtumba;
nauli, muhula hadi muhula;
mkopo wa serikali, ambao riba yake haijui Krismasi;
na mimi.
Sikujiandikia bei.
Niliandika tu, "Kagai, kidato cha tatu, Juni,"
nikapiga mstari.

Miaka mitano, na wa sita wa migomo.
Akarudi Luanda na shahada kwenye bahasha ya kaki.
Mama akaipitishia kiganja
kama anayepima homa ya mtoto.

Binamu yetu Asiligwa hakumaliza hata darasa la nane.
Pikipiki yake ya kwanza ilimgharimu muhula mmoja na nusu wa Kegode.
Sasa anazo tatu, na ploti kando ya barabara ya Busia.
Hanitambii. Hununua saruji kwangu, taslimu,
akauliza, "Na injinia, yuaendeleaje?"
kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

Injinia yuko kwenye kalvati, chini ya kanisa la Marafiki.
Kontrakta humlipa mia tisa kwa siku
ahesabu malori ya mchanga.
Fundi Odanga, ambaye chuo chake kilikuwa makofi ya amu yake,
hupata elfu moja na mia mbili, na chai.
Bodi nayo yataka ada kabla ya kumwita mhandisi.
Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu,
asipougua, asipooa, tusipofiwa
(na kwetu maiti hula kuliko walio hai),
daftari hili litafungwa
nikiwa na miaka hamsini na mitatu.

Kisha Aprili.
Jiko la mama huingia maji tangu enzi za nyanya;
kila masika tunapandisha magunia juu ya mawe,
tunangoja, tunafyagia tope.
Jumapili moja Kegode hakwenda ibadani.
Alikuja na uzi, vijiti,
na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani.
Akapima. Akarudia kupima.
Jirani akacheka ugani: "Mtaro tu!
Jembe langu lingekwisha kuumaliza."
Yeye akachimba pale ambapo hakuna aliyewahi kupawazia,
juu, nyuma ya choo, mbali kabisa na mlango,
akatandika kokoto toroli mbili kutoka dukani kwangu.
Nikaziandika.

Usiku ikanyesha ya kuvunja migomba.
Alfajiri nikamkuta mama jikoni, nyayo kavu,
akitazama sakafu
kama mwenyeji aliyepikia mgeni asiyefika.

Nikafungua daftari. Safu ya kushoto imejaa.
Ya kulia: mia tisa, mia tisa, mia tisa.
Sakafu kavu, shilingi ngapi?
Gunia moja la mahindi halikuota: hiyo bei naijua,
nikaiandika. Nikatoa kokoto.
Usingizi wa mama sikuupatia safu.

Kegode akaingia kunawa tope,
akalikuta wazi mezani.
Akasoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari,
kikafika Juni, kikakaa.
Kisha akaomba penseli.

"Ukurasa wa nne umekosea kujumlisha," akasema.
"Umenipunguzia elfu sita."
Akafuta, akaandika jumla mpya, kubwa zaidi,
kwa zile tarakimu zake ndogo zilizonyooka,
akapuliza vumbi la ufutio,
akaenda kuyatazama maji yanakopitia.