Godoro la Kukunja

Fumie kaketi chini, kalamu na daftari,
apiga hesabu, yeni za hoteli na safari;
Kanazawa, stesheni: chumba kidogo, kizuri,
mikeka sita tayari, na godoro la kukunja.

Acheka Kohei: “Mama!” (Mwana mwenye pikipiki.)
“Hapo bure wakoroma, wala risiti hutaki!
Waenda kulipa, jama, sakafu? Haisemeki!”
Fumie hababaiki, biskuti anavunja.

Chajio amekikata, tambi za duka ni dawa;
ila hodhi hakufuta: maji, mvuke na hewa.
Arubaini na sita, miaka ya kuolewa,
hajawahi kukunjiwa: godoro yeye hukunja.