Kamba ya Madoa

Nimekuja Bungoma na kamba ya katani mkobani,
kamba aliyofungiwa Madoa, maksai wetu wa mwisho.
Nimeipiga mafundo matano.

Kijana wa duka, Wamukota, shati limenyooka kama noti mpya,
ananipeleka kwanza penye jitu jekundu.
"Mama, hili lina nguvu za farasi hamsini."
Namuuliza, farasi mmoja ni ng'ombe wangapi?
Anacheka. Mimi sicheki.
Chwele hatujalima na farasi hata siku moja.
Ninachojua ni maksai wawili na mtoto wa kuwatangulia,
ekari moja kwa siku mbili, jua likiwa na huruma.

Naikunjua kamba sakafuni, watu wakitazama.
Fundo la kwanza ni lango:
baba alilipima kwa mkokoteni, hakuwaza zaidi.
La pili, pengo kati ya ghala na mparachichi.
Mparachichi siukati. Umesomesha watoto wawili.
La tatu, njia ya kushukia kwenye matete,
kule trekta la kukodi la Mang'oli lilikozama mwaka juzi
likakaa siku nne, kuku wakitagia chini ya kiti;
tukalipa kulimiwa, tukalipa na kuvuta.
La nne ni migomba.
La tano silisemi.

Jitu jekundu linafika fundo la pili, linakwama kwa kiwiko.
"Huo mti utaukata tu, mama."
Nasogea.

La bluu ni la mtumba, limepakwa likapakika.
Nalikwaruza kwa ukucha, kutu inanisalimu.
Mwanangu, nimepima kahawa ya chama miaka ishirini na sita,
gunia lililonyweshwa maji ili lizidi uzito
nalijua kabla halijashuka mgongoni mwa mwenyewe.
Spea zake ziko wapi?
"Tunaagiza."
Kuagiza ni neno refu sana mvua ikishaanza.

Kuna lile la magurudumu mawili, la kutembelea nyuma.
Bei yake inanitabasamia.
Mpwa wangu Makokha alishanipigia simu: shangazi, hilo lakutosha.
Nalishika mikono, Wamukota analiwasha,
meno yangu yanagongana, bega la kulia linakumbuka
kila gunia lililopita mizanini.
Atakayelishika nani, Makokha,
wewe uliyeko Athi River?

Pembeni, nyuma ya mapipa ya dizeli,
limekaa moja dogo, la kijivu, kiti kimechanika,
kama mbuzi aliyerudi mnadani bila mnunuzi.
Farasi ishirini na wawili, Wamukota anasema kwa aibu,
kana kwamba ananitajia alama za mtoto wake.
Nauliza spea. Ziko Kanduyi, duka la pili baada ya kinu.
Nauliza linakunywa kiasi gani. Anakadiria, namkatia nusu ya sifa,
bado inabaki hesabu ya kulipika.
Washa, nasema. Litoe nje.

Nje, kwenye changarawe, natandika kamba hadi fundo la tano,
naizungusha.

Baba alitaka alazwe katikati ya mahindi.
Hatukubishana naye, na hatujengi juu ya alipo, ni udongo na nyasi tu.
Madoa akifika pale aligeuka mwenyewe,
bila kuvutwa, bila kuitwa,
akiacha upana wa mtu aliyelala.
Alipokufa Madoa, wakodishaji walipita moja kwa moja.
Mara mbili. Nikaokota mawe ya pembeni,
nikayarudisha, sikumwambia mtu.

Geuza usukani hadi mwisho.
Gurudumu linaizunguka kamba, linabakiza kiganja.
"Tena," nasema. "Upande wa pili."
Linabakiza kiganja.

Tunavutana bei hadi chai inapoa,
ananiongezea jembe la diski mbili, namwachia sifuri moja ya uongo.
Wakati nakunja kamba anauliza,
fundo la nne ni migomba, sawa, na hili la tano je?
Mlango, nasema.
"Mlango wa nani?"
Andika risiti, mwanangu. Jina ni Namalwa,
kwa l, si r.