Mguu Uliobaki Juu

Nilitoa harusi ya Sabra kwa ukubwa wa juu kabisa:
kila shanga ya ushungi, kila uzi wa leso,
hina bado mbichi kwenye kucha.
Kompyuta ilihema hadi alfajiri
pale Wete, chumba cha juu ya duka la mabati,
feni yake ikinguruma kama mashine ya kukuna nazi.
Ilipoandika asilimia mia
nikajiona fundi.

Siku ya tatu simu ikalia kutoka Konde.
Bi Riziki, bibi yake bibi harusi.
"Wewe Raya, harusi yetu yakwama.
Mjukuu wangu anyanyua mguu, mguu wabaki juu,
kisha ghafla yuko mlangoni.
Na mimi nafumba mdomo, sauti yangu yaendelea kusema.
Kwani mimi n'shakufa?"

Nikamjibu: televisheni yenu imezeeka.

Akanyamaza, nikasikia kuku wa uani kwake.
"Hii alininunulia marehemu Shaame.
Mpira waonekana. Taarifa ya habari yaonekana.
Harusi yako wewe ndiyo haionekani."

Nikaazima vespa ya shemeji.
Nikaketi jamvini, chai mkononi, mkate wa kumimina magotini,
nikaitazama kazi yangu mwenyewe ikigugumia.
Neno "kheri" lilifika kabla ya midomo iliyolisema.
Ngoma ikapigwa, mkono ukaja baadaye kuitafuta.
Ile televisheni haikuwa mbovu.
Nilikuwa nimemlisha pilau mtoto wa siku saba:
megabiti hamsini kila sekunde,
kwenye flashi ya elfu nane niliyoinunua nikiwa na haraka.

Nikarudi Wete. Umeme ukakatika. Ukarudi.
Nikafungua tena meza yote ya harusi.

Na huko nikamkuta mwizi wa pili:
simu ya Mbarouk, aliyerikodi upande wa wanaume.
Kamera yangu huhesabu fremu ishirini na tano, haikosei.
Simu yake mara thelathini, mara ishirini na nane,
ikishika joto yapunguza mwendo
kama mtu apandaye kilima na gunia.
Nilikuwa nimewafunga kamba moja
nikashangaa kwa nini wanajikwaa.

Nikamfundisha Mbarouk kuhesabu, fremu kwa fremu.
Nikaiacha kodeki mpya inayosifiwa
nikarudia ile kongwe
ambayo kila televisheni yaijua kama Alhamdu.
Megabiti hamsini zikawa kumi na mbili. Bado.
Zikawa nane. Zikawa sita.
Kila nikishusha, shanga moja ilizimika kwenye ushungi
na mimi nikiuma mdomo
kama ninayekata kitambaa cha mtu.

Safari ya nne kwenda Konde, ikaenda.
Ikaenda kama maji kwenye sakafu ya saruji.
Ngoma na mkono vikafika pamoja.
Bi Riziki akafumba mdomo na sauti ikanyamaza,
adabu ikarudi mahali pake.
Sabra akanyanyua mguu, akaushusha,
akavuka kizingiti, akacheka na mtu asiyeonekana,
akaingia garini.

Nikangoja sifa.

Bi Riziki akaifuta skrini kwa ncha ya leso,
ingawa haikuwa na vumbi.
"Nzuri," akasema. "Ile ya kwanza umeifuta?"
Nikamwambia ipo, nimeiweka, lakini ile ni mbovu, bibi.
"N'letee."
"Yakwama!"
"Najua yakwama.
Pale mguu ulipobaki juu nilimwona vizuri mtoto wangu.
Hii yako yenda sawasawa. Yapita.
Na yeye kesha kwenda Maskati,
hata simu apiga Ijumaa kwa Ijumaa."

Usiku ule niliifungua mipangilio
nikaisoma yote, mstari kwa mstari:
ukubwa, kasi, fremu, sauti, rangi.
Hapakuwa na kitufe cha haja ile.

Nikanunua flashi mbili.
Kwenye moja nikaandika kwa wino: *Ya wageni.*
Nyingine sikuiandika kitu.