Simu ya Mchungaji

Aliniachia simu yake ndogo ya tochi,
namba tano imefutika kwa dole gumba,
chaja imefungwa kwa uzi wa kufungia tumbaku.
"Kalunde," akasema, "miezi mitatu.
Msinitafute hata mbingu ikidondokea Sikonge."

Miaka kumi na tisa hajakaa benchi la nyuma,
hajasikia neno kutoka kinywa cha mwingine
bila kuwaza mazishi ya saa kumi.

Barazani tulibishana mpaka taa ya sola ikafifia.
Anaumwa nini? Amegusa sadaka?
Nikasema, sisi wote hapa hupumzisha shamba
baada ya tumbaku, na hakuna anayeuliza
udongo umeiba nini.
Mzee Kasele akajibu: "Shamba halidai posho."
Wakacheka. Nami nilicheka, na hasira zangu.
Ni Kasele huyo huyo, kesho yake alfajiri,
aliyeleta dumu la asali, liuzwe liwe nauli,
akalitua mlangoni, akaondoka upesi
kama mtu anayedaiwa.

Wiki ya kwanza ililia mara arobaini na moja.
Mwenye mtoto wa darasa la saba, aombewe.
Mwenye mizinga miwili iliyoibwa porini.
Bibi Nyamizi, ambaye hakutaka kitu,
alipiga kila saa tatu usiku kuuliza kama kwetu kumenyesha,
na kwetu ni ng'ambo ya uzio wake wa minyaa.
Na mwanamume asiyejitaja,
saa nane za usiku: "Mchungaji, bado nipo."
Akakata.

Mume wangu akageuka: nani?
Sijui, nikasema. Mtu aliyepo.
Nikabaki macho, simu juu ya mto,
nikiwaza kumbe hiki ndicho kilicholala
katikati yake na mkewe, miaka yote hiyo.

Jumapili ya tatu nikaiweka juu ya meza ya sadaka.
Ikalia palepale, katikati ya matangazo,
ikitetemeka, ikisogea kuelekea ukingoni.
Nikauliza: nani atapokea?
Kimya. Mtu akakohoa. Watoto wakatazamana.
Ndipo Shija, yule wa sauti ya nne,
yule anayechelewa hata kwenye harusi ya dada yake,
akainuka, akaidaka kabla haijaanguka.
"Haloo," akasema. "Kanisa hapa."

Nisidanganye, hatukuweza yote.
Mtoto wa Nsimba tulimzika vibaya:
wimbo ulianzishwa juu mno, ukatukatikia kaburini,
na Kasele alisoma faraja kwa kidole,
akiruka mistari, miwani ikiteleza kwa jasho.
Hatukuwa na maneno ya Mchungaji.
Tukakaa na Nsimba hadi jogoo la pili,
tukatafuna michembe, tukamenya karanga,
hakuna aliyesema kwamba Mungu ana makusudi.

Nilimwona mara moja tu, siku ya mnada.
Amesimama, mikono mfukoni,
akimtazama fundi akinyoosha rimu ya baiskeli
isiyo yake.
Nilikuwa na mambo kumi ulimini. Nikayameza.
Nikauliza: unalala?
"Naota," akasema. "Juzi nimeota nimepotea
kwenye miyombo, jua linazama,
na sikuwa na haraka."

Jana usiku, saa nane, zamu ilikuwa yangu.
"Bado nipo."
Nikasema: "Na sisi."
Hakukata. Nilimsikia akipumua,
mbwa akibweka upande wake,
kisha mbwa huyo huyo akibweka upande wangu.
Sikuuliza jina.

Kesho anarudi. Nimeifuta simu kwa upindo wa kanga.
Kasele anasema tumrudishie mbele ya watu wote,
kwa makofi.
Shija ameandika upya karatasi ya zamu
akaibandika mlangoni bila ruhusa ya baraza.
Na Bibi Nyamizi, anayepiga siku hizi
kutuuliza sisi kama tumelala,
anasema tumrudishie,
ila mchana tu.